Jina Lililoachwa Nje ya Orodha

Oktoba 19. Jua. Alfajiri baridi, mchana vuguvugu.

Kitabu hiki ushirika wa wakulima hutugawia bure kila mwaka, tuandike hali ya hewa na kazi za shamba. Kwa miaka thelathini na mmoja aliyekijaza nyumbani hapa ni Bongrye, mke wangu. Hata cha mwaka huu alikianza yeye. Maneno yake ya mwisho ni ya Machi 6: "Upepo. Nimepogoa miti sita. Mgongo." Kuanzia hapo kurasa ni nyeupe. Nimezipita zote leo bila kuzitazama sana, nikafika hapa. Kesho tunaanza kuchuma persimoni, matunda ya rangi ya chungwa tunayoyamenya na kuyakausha kambani, na asiyeandika siku aliyoyatundika matunda hatajua siku ya kuyateremsha. Basi naandika mimi, ingawa mwandiko wangu ni wa darasa la sita.

Oktoba 20. Jua.

Binti yangu Eungyo amekuja kutoka Daegu kunisaidia. Tumechuma miti kumi na minne. Juu ya kila mti tumewaachia ndege matunda matatu, kama mama yake alivyokuwa akitaka. Eungyo alitaka kuyachuma. Nikamwambia ngazi haifiki. Inafika.

Oktoba 21. Jua. Miti minane. Eungyo amerudi mjini na basi la jioni.

Oktoba 22. Ukungu asubuhi, kisha jua.

Mama Jiseok amekuja kumenya. Sikumwita. Anapika katika shule ya msingi, na anapomaliza saa tisa hupita kwangu kabla ya kwenda kwake. Alifika na kisu chake na aproni ya shule, akaketi mahali pake, mkono wa kulia wa mto aliokuwa akikalia Bongrye. Mto wenyewe hakuugusa.

Niandike jambo hili, ili Eungyo akisoma baada yangu ajue nilivyokuwa nikiwaza. Miaka minne iliyopita Bongrye alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake kumi na wawili wa kijiji. Mama Jiseok ndiye aliyekuwa mdogo wao. Zamu yake ilikuwa ya tatu. Akachukua fungu lote akaliingiza katika duka la kuku wa kukaanga la mumewe. Yakaja mafua ya ndege, watu wakaacha kula kuku, duka likafa. Mume akaenda kuendesha malori Ulsan, na baada ya muda hata simu akaacha kupiga. Mama Jiseok hakuweza kutoa mchango mwingine hata mmoja. Katika upatu wa huku, mmoja akianguka, kijumbe ndiye anayejaza pengo. Bongrye alilijaza miezi tisa, kwa fedha tulizokuwa tumeziweka kununulia mashine ya kukausha hewa bandani. Wale kumi na mmoja hawakupoteza hata senti. Tangu hapo humsalimia Mama Jiseok bila kusimama.

Nilidhani Bongrye anamlipa kwa kumenya, na jambo hilo lilinikera. Mtu amekula upatu wako, nawe unampa kazi? Nilimwambia hivyo mara moja. Alinijibu, "Wewe tundika."

Leo tumefanya kazi saa tatu nzima. Mashine yetu ndogo humenya ubavu wa tunda, lakini mabega, pale karibu na kikonyo, humalizwa kwa kisu. Mara akaliinua tunda langu moja.

"Shemeji, hili mbona lina ndevu?"

"Linyoe wewe."

Akalinyoa.

Oktoba 23. Jua. Tumemenya mia saba.

Oktoba 24. Jua. Mia nane. Nimekula peke yangu supu ya majani ya figili aliyoniachia Mama Jiseok mlangoni.

Oktoba 25. Mawingu kidogo.

Nimempa bahasha ya ujira wa siku nne. Akairudisha kwa mikono miwili, akiinama kama anayempa mkubwa kitu.

"Nilishalipwa, shemeji."

Nikamuuliza nani alimlipa.

"Dada alishanilipa."

Dada ni Bongrye. Bongrye amezikwa Machi, na haya ni matunda ya Oktoba. Nikaiweka bahasha juu ya friji. Mtu huyu ana lake.

Oktoba 28. Jua, upepo kutoka milimani.

Leo nitaandika mengi.

Eungyo alikuja, na Mama Jiseok alikuwepo tangu asubuhi kwa kuwa ni Jumapili. Tulikuwa watatu tukimenya. Eungyo anafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo, dirisha la mikopo, na mazungumzo yake mengi huishia huko. Ndipo Mama Jiseok akasema, kama anayetaja bei ya kabichi, kwamba korti imemtumia barua. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kortini akaeleza kwamba amefilisika. Akapangiwa kulipa miaka mitano: kila mwezi mshahara wake unakatwa, anaachiwa wa kula na kupasha nyumba moto, uliobaki unagawanywa kwa wanaomdai. Sasa sheria imebadilishwa, miaka mitano imekuwa mitatu. Aliomba naye ahesabiwe hivyo, na korti imekubali. Malipo yake ya mwisho ni mwezi ujao. Kilichobaki kitafutwa.

Nikasema ni habari njema. Nilisema kwa adabu tu, sikuwa nimeamua kama ni njema.

Eungyo aliendelea kumenya. Kisha akauliza, "Mama Jiseok, kwenye orodha yako ya wanaokudai, mama yangu alikuwa wa ngapi?"

Kisu cha Mama Jiseok kikasimama.

"Hakuwemo."

"Hukumwandika?"

"Karani aliniambia niandike kila anayenidai. Nikaandika benki, kampuni mbili za kadi za mkopo, na wale wakopeshaji wa barabarani. Wanne. Dada ningemwandikaje chini ya wale wa barabarani? Wale walinipigia simu saa kumi na moja alfajiri wakimtukana mama yangu. Dada aliniletea kimchi, kabichi ya pilipili aliyoichachua mwenyewe."

Mama Jiseok alimaliza matunda yaliyokuwa mbele yake. Alipokwenda, Eungyo akanawa mikono muda mrefu, kisha akanifafanulia polepole, maana aliona sijaelewa. Walioandikwa kwenye orodha wanapata fungu lao, na mwisho ukifika deni lao linafutwa. Asiyeandikwa hapati fungu, lakini deni lake halifutwi. Mama Jiseok alitaka kumheshimu dada yake. Kwa heshima hiyo, benki na kadi zikishaondoka, sisi peke yetu ndio tutakaobaki na haki ya kumdai yote, na mshahara wake utakuwa huru kukatwa kwa ajili yetu.

"Wao wamepata chini ya thelathini katika kila mia, Baba. Sisi tunaweza kupata mia kwa mia."

Nilitazama lile banda. Mashine ya kukausha hewa ingekaa pale kwenye kona, Bongrye alikuwa ameshapima kwa hatua zake. Hatua nne kwa mbili.

Oktoba 29. Jua. Mama Jiseok hakuja. Ana mkutano wa shule, ndivyo alivyosema kwenye simu.

Oktoba 30. Amekuja. Mia tisa. 

Novemba 3. Jua, kavu, baridi nzuri.

Tumemaliza kumenya na kutundika. Banda limejaa kuanzia sakafuni hadi darini, safu kwa safu, rangi ya chungwa tupu. Bongrye alikuwa akisimama katikati siku kama hii na kusema, "Sasa ni kazi ya upepo." Nimesimama hapo hapo. Nimelisema hilo neno kwa sauti, nikaona haya.

Novemba 5. Upepo hakuna.

Novemba 6. Mvua, na joto kama Mei. Si mvua ya mwezi huu hii.

Novemba 7. Mvua. Nimefungua madirisha yote ya banda. Hewa inayoingia ni mbichi kuliko iliyomo. Nimewasha feni zetu mbili.

Novemba 8. Mvua.

Matunda yameanza kuanguka. Yakilainika kabla ya kukauka, nyama huachana na kikonyo, nayo hudondoka sakafuni kwa mlio mmoja mdogo. Ukikaa kimya unayasikia, moja, kimya, moja. Kwenye safu za chini nimeona ukungu wa kijivu. Nimefuta matunda mia mbili kwa kitambaa chenye pombe kali, moja moja.

Nilimkasirikia Mama Jiseok leo. Niandike ukweli. Kila tunda lililoanguka nililiona kuwa lake. Kama angelipa, mashine ingekuwepo.

Nikampigia Eungyo, nikamwambia alete hizo karatasi za kukata mshahara.

Novemba 9. Mvua mpaka adhuhuri, kisha mawingu.

Saa nne asubuhi nilikuwa bandani nafagia matunda yaliyoanguka niliposikia gurudumu la mkokoteni kwenye changarawe. Ni Mama Jiseok, koti la mvua la manjano limemfika visigino. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Mkokoteni umejaa feni, bado zimefungwa nailoni kama zilivyowekwa baada ya kiangazi. Akazishusha akaenda. Akarudi na nyingine. Safari tatu. Feni kumi na tisa.

Nikamuuliza amezitoa wapi.

"Kwa wenzetu."

Sikuelewa mpaka aliponitajia nyumba. Ni nyumba kumi na moja, zile zile za wanawake wa upatu. Miaka minne alikuwa akizunguka njia ya mtoni ili asipite milangoni mwao. Leo amebisha hodi zote.

Tulizipanga feni, nyingine chini, nyingine juu ya makreti, zote zikielekea upande mmoja ili hewa itembee, kisha tukavuta nyaya kutoka nyumbani na kutoka kwenye pampu ya kisimani ili tusiunguze fyuzi. Alikuwa akijua zaidi yangu. Alisema Bongrye alimwonyesha mwaka ule wa mvua, nilipokuwa nimelala na nimonia.

Tulipozimaliza akaketi kwenye kreti, akacheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini. Mama Deokgu, yule wa mteremkoni, alimkabidhi feni akamwambia, "Chukua, lakini usije ukaila kama upatu wetu."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikamwambia feni haina ladha, Mama Deokgu, ningekula ningeanza na wewe. Akacheka. Shemeji, yule mama hajacheka nami tangu Jiseok yuko darasa la tatu. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Mlio wa feni ishirini na moja ni mkubwa. Sikusikia tena matunda yakianguka. Sijui kama yaliacha, au ni kelele tu.

Novemba 10. Mawingu. Upepo kidogo alasiri. Tulimpiga Bongrye picha moja tu ya studio maishani, na ndiyo iliyo ukutani. Nimeipeleka bandani, nikaiweka mbali na feni.

Novemba 11. Jua limerudi. Baridi.

Tumepoteza tunda moja katika kila matano. Ingeweza kuwa manne.

Eungyo alikuja na karatasi. Alizilaza mezani, akaonyesha kwa kidole mahali pa kupiga muhuri wangu wa jina badala ya sahihi, sehemu tatu. Wino mwekundu alikuja nao mwenyewe. Alisema korti ikishamwachilia rasmi, tunazipeleka, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu tutakuwa tumelipwa yote. Mashine ya kukausha ningeweza kuichukua hata sasa kwa mkopo.

Nikamwambia kuhusu feni.

"Baba, ni mtu mzuri. Sikusema ni mbaya. Nakuuliza haki iko wapi."

Basi tukaongea juu ya haki, mimi na mwanangu, tukimenya viazi vitamu vya moto. Niliyakumbuka mengi ili niyaandike. Alisema watu wanafikiri mkopeshaji ni jengo la vioo. Chama chao kina wanachama elfu tatu, wengi ni wajane wa mashamba. Akimfutia mtu deni, anafuta akiba ya bibi fulani mwenye goti bovu. Walimkopesha mtu, korti ikasema miaka mitano, wakakubali kwa shingo upande. Kisha sheria ikabadilika, korti nyingine zikawaachilia hata waliokuwa wameshaanza. Miaka miwili ya fungu lao imekwenda na hakuna aliyewauliza.

Nikamuuliza kama sheria mpya ni mbaya, basi.

 Akasema hapana. Alisema dirishani kwake amewaona waliopangiwa mitano. Wengi huvunjika mwaka wa nne. Mtoto anaugua, jino linaoza, gari la kazini linakufa, wanakosa miezi mitatu mfululizo, mpango unafutwa, riba yote inarudi, na mkopeshaji hapati tena kitu. "Mtu anaweza kuzuia pumzi miaka mitatu," alisema. "Mitano ni wachache." Kwa hiyo ni haki, akasema, ila haki hiyo ina mtu aliyeilipia, naye anapaswa angalau kutajwa.

Kisha akasema jambo lililonichoma zaidi. Kama Mama Jiseok amekuwa akitulipa chochote kwa siri, hata kwa kazi, amewakosea wale wanne. Ujira wake ulikuwa wa kugawanywa kwa wote. Kwa mdai mmoja kupendelewa, mwingine anapunjwa, hata kama huyo mwingine ni benki. Mpango wake ungeweza kuvunjwa.

Sikupiga muhuri. Nilimwambia macho yangu yamechoka, nitazisoma. Akaniangalia kama mama yake alivyokuwa akiniangalia nilipodanganya kuhusu ngazi au sigara.

Novemba 12. Jua, upepo wa kaskazini. Nimezima feni sita.

Novemba 14. Jua. Baridi kali asubuhi, barafu nyembamba kwenye ndoo.

Nilitoa vitabu vya Bongrye kabatini ili nione mwaka ule wa mvua aliteremsha matunda siku gani. Sikuwahi kuvisoma. Nilidhani ni hali ya hewa tu.

Cha miaka mitatu nyuma, Novemba 2: "Mawingu. Mama Jiseok alikwenda kortini. Orodha ina majina manne, langu hakulitia. Nimemwambia amekosea. Analia, anasema mkono ulikataa. Ameshapiga muhuri. Amemenya mia saba."

Baada ya hapo kila siku ya kumenya ina idadi. Mia sita. Mia nane. Mwisho wa msimu amezijumlisha kwa ujira wa kijiji, akazitoa katika deni, akaandika kilichobaki. Mwaka uliofuata vile vile. Hakuwa akimlipa hata kidogo. Mama Jiseok ndiye aliyekuwa akilipa, kwa kisu, saa tatu nzima kila jioni baada ya kusimama jikoni kutwa.

Cha mwaka jana, Novemba 19: "Jua. Mpaka leo amemaliza nusu na kidogo. Nimemwambia inatosha, hasikii. Wale wanne korti imewawekea mwisho. Mimi sina korti. Mwisho wangu uwe wapi? Nimuulize Baba Eungyo."

Nimekaa na ukurasa huo tangu saa nne.

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa juu ya ngazi bandani. Alikuja mlangoni na taulo shingoni, akasema, "Baba Eungyo, hivi…" Nami nikasema subiri nimalize safu hii. Nilipoimaliza alikuwa ameshaenda kuosha ndoo. Sikumfuata kumuuliza alitaka nini. Nilidhani ni habari ya chakula.

Novemba 15. Jua. Sikufanya kazi.

Novemba 18. Jua.

Matunda yamepungua unene, yameanza kukunjamana. Bongrye alisema tunda likipitisha siku zake kambani halizidi utamu, linazidi ugumu tu.

Nimefikiri hivi, kwa akili yangu ya darasa la sita. Wale wanne walipunjwa kidogo kwa ajili yetu, na hawajui. Sisi tumepata nusu na zaidi, wao hawakufika theluthi. Anayetaka mia kwa mia baada ya hapo hadai deni, anadai heshima aliyopewa. Lakini Eungyo naye ana haki. Mashine haikununuliwa. Tunda moja katika matano lilioza. Hasara hiyo ni yetu, na ilikuwa ya Bongrye kabla yangu. Sitaki kuandika kwamba haikuwepo.

Novemba 24. Theluji ya kwanza, imeyeyuka ikianguka.

Nilimwambia Mama Jiseok aje na nakala yake ya ile orodha ya korti. Alikuja nayo ndani ya mfuko wa kitambaa, akakaa ukingoni mwa sakafu yetu inayopashwa moto kwa chini, kama mgeni, rangi imemtoka. Nadhani alijua Eungyo ameleta karatasi. Kijiji ni kidogo. Alianza kusema kabla sijakaa: kuanzia Januari mshahara wake utakuwa wake, atatulipa kila mwezi, nisimpeleke, Jiseok anaanza sekondari na barua za korti zinafika mikononi mwa mtoto.

Nikamwambia aifungue orodha.

Majina manne, yamepigwa chapa, kila moja na namba yake. Chini pamebaki nafasi. Nilichukua kalamu nikaandika namba tano. Nikaandika: Im Bongrye. Mbele yake nikaandika: amepata fungu lake, hadai tena. Nikapiga muhuri wangu, kwa wino wa Eungyo.

Alikitazama kile kidoa chekundu.

"Shemeji, hii si haki. Hawa sikuwahi kula mezani kwao."

"Ndiyo maana ulipaswa kumwandika. Hawa umewawekea mwisho. Dada yako ulimnyima."

"Na nusu iliyobaki?"

"Hawa wamekosa zaidi ya nusu, na hakuna aliyekufa."

Hapo alilia, kimya, akifuta pua kwa mfuko wa kitambaa. Nikampa ile bahasha iliyokuwa juu ya friji, ujira wa msimu huu, nimeujaza. Nikamwambia kwamba msimu huu amemenya kwangu, si kwa Bongrye, na mimi simdai, basi ni lazima alipwe. Na kama mwakani anataka kuja, aje kwa ujira, au asije.

"Na nisipokuja nani atanyoa ndevu?" akasema.

Alichukua bahasha. Hakuihesabu.

Novemba 25. Eungyo alipiga simu, nikamwambia.  Akasema maandishi yangu kwenye ile orodha hayana nguvu yoyote kisheria. Nikasema najua. Akakata simu.

Novemba 29. Jua. Barua kutoka kwa Eungyo, imetumwa kwa posta, yeye ambaye hata siku yangu ya kuzaliwa hutuma salamu kwa simu. Ndani kuna karatasi ya kusamehe deni iliyoandikwa kama inavyotakiwa, nakala mbili, na kikaratasi cha manjano: "Baba, kama unasamehe, samehe vizuri. Piga muhuri mahali pawili. Fomu nimeilipia mimi."

Nimepiga mahali pawili.

Desemba 2. Jua. Wanawake wanatengeneza kimchi ya kipupwe kwa Mama Deokgu. Kutoka hapa nawasikia. Mmoja anacheka kuliko wote, na sauti naijua.

Desemba 9. Baridi. Unga mweupe wa sukari umeanza kutokea juu ya matunda. Nimeweka la kwanza mbele ya picha. Nimemwambia swali lake nimelijibu, ingawa nilichelewa mwaka mzima na siku tano.

Desemba 15. Jua. Upepo mkavu.

Leo tumeteremsha safu za mwisho na kupanga matunda kwenye maboksi. Saa tisa na nusu Mama Jiseok alikuja, bila aproni, amevaa koti lake zuri. Barua ya korti imefika juzi, ameachiliwa. Hakuja kuonyesha barua. Alikuja kununua boksi moja la kumpelekea mwalimu wa Jiseok.

Nikamtajia bei.

Alilifungua boksi. Akaligeuza tunda moja, akaligeuza jingine, akalibonyeza la tatu. Kwa miaka minne mwanamke huyu hakuwahi kubishana nami bei ya kitu chochote. Yai nikimwuzia ghali alilipa. Mwenye deni hana mdomo sokoni.

"Shemeji, kwa bei hiyo ni lazima yawe yametundikwa na mfalme. Hili lina ndevu."

Nikamwambia hilo alilimenya yeye.

"Mimi simenyi hivi. Hili ni lako. Punguza."

Nikapunguza kidogo. Akasema kule kwa wa mteremkoni ni nafuu zaidi. Nikamwambia basi aende mteremkoni. Akafunga boksi, akasimama, akatembea hatua sita kuelekea getini, polepole, kama wanavyotembea wanawake wote wanaojua wataitwa.

Nikamwita.

Alilipa bei aliyoitaka yeye, akaongeza matunda mawili kutoka kwenye kreti bila kuniuliza, akaenda zake, amepitia njia ya juu, milangoni mwa watu.

Hali ya hewa usiku huu: nyota, hakuna wingu. Matunda ya ndege bado yapo mtini, matatu.